Spika ya Tatu

Redio ya gari letu ilijiwasha yenyewe kwenye kizuizi cha barabarani karibu na Matulo, yapata saa tano asubuhi, vijana kama tisa wakiwa wametuzunguka na mapanga mikononi. Ikaanza kusema kwa lugha ya mama mkwe wangu. Mama mkwe mwenyewe alikuwa ameketi kiti cha nyuma, na tangu jua kuchomoza nilikuwa nimewaambia watu wa vizuizi vinne kwamba huyo ni mama yangu mzazi.

Ili ieleweke redio hiyo ilifanya nini, lazima nirudi nyuma.

Gari lilikuwa dogo, la Kijapani, jeupe la zamani. Nililinunua Kitale kwa mwalimu aliyestaafu, nikalikuta na redio yake. Magari ya Japani huja na redio zinazoshika mawimbi ya huko kwao, kwa hiyo mafundi wa huku hufunga kidude kidogo nyuma yake ili zishike stesheni zetu. Kidude cha redio yetu kiliungua mwaka wa pili. Tangu hapo ilishika stesheni moja tu, na stesheni hiyo ilitangaza kwa lugha ambayo mimi siijui. Sitaitaja hapa. Anayeijua barabara ya Kitale hadi Bungoma ataitambua, na asiyeijua hatapungukiwa na kitu.

Ubaya wa pili ulikuwa swichi. Kitufe cha kuwashia kilikuwa kimezama ndani, na redio ilijiwasha ilipotaka, hasa gari lilipoingia shimo. Kuizima, na hata kuiwasha, ilibidi niupige ngumi ubao wa mbele, juu kidogo ya redio. Siku nyingine ngumi moja ilitosha. Siku nyingine tatu.

Mara mbili nilikata shauri kuing'oa na kuweka nyingine, na mara mbili niliahirisha. Sababu ilikuwa mama mkwe.

Alikuwa mjane, akiishi peke yake Ndalu, ambako aliuza maharagwe sokoni kwa miaka zaidi ya thelathini. Kila mwezi nilimpeleka kliniki ya presha Bungoma, kwa kuwa kazi yangu ya kukagua mavuno ilinipitisha huko. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake wana soni kati yao. Hawashikani mikono. Hawali meza moja. Hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja hupisha kwenye nyasi. Yeye si wa kabila letu, lakini alikuwa ameishi kati ya watu wetu miaka mingi kiasi kwamba aliishika adabu hiyo kuliko wake zetu wenyewe. Garini alikaa nyuma, upande wa kushoto, kona iliyo mbali kabisa na dereva, akajifunika leso kichwani na kugeukia dirisha.

Akiwa na haja, aliliambia dirisha.

"Mtu akisimama hapa Kamukuywa," angesema, "anaweza kupata ndizi nzuri."

Nami ningesimama, bila kujibu, nikashuka kuangalia tairi ambalo halikuwa na shida yoyote.

Safari ya saa mbili kwa namna hiyo ni ndefu. Redio ndiyo iliyotuokoa. Ilisema lugha yake, ikamsomea matangazo ya vifo na bei za mahindi, na mara nyingine mtangazaji alitoa mzaha ambao mimi sikuuelewa, nikasikia nyuma yangu kicheko kidogo chini ya leso. Nilijua kwamba nikiweka redio nzima yenye stesheni zote, nitalazimika kuchagua stesheni, na kuchagua kungekuwa aina ya mazungumzo. Basi nikaiacha.

Ikaja Januari ile baada ya uchaguzi.

Sina haja ya kusimulia yaliyotokea nchini. Kitale tuliona moshi upande wa mashamba, na watu wakaanza kuulizana majina ya pili. Jirani aliyekuwa akinisalimu kila asubuhi kwa "Sasa bwana mkubwa" alianza kunisalimu kwa kutikisa kichwa tu. Nilizoea kuandika kila kitu kwenye daftari langu la kazi, na siku zile niliona mkono wangu unaandika vitu ambavyo si vya kazi: lori limepita na magodoro, duka la kona limefungwa, mbwa wa nyumba ya pili hajalishwa tangu Jumanne.

Siku ya Jumatano mama mkwe alimpigia mke wangu simu kutoka Ndalu. Alikuwa amefungua mlango asubuhi akakuta njiti moja ya kiberiti imewekwa kwenye kizingiti, sawasawa katikati. Haikuwa imewashwa. Hakukuwa na barua.

"Labda imeanguka tu," nilisema.

"Mama hatumii kiberiti," mke wangu akasema. "Anawashia jiko moto wa jana."

Ikaamuliwa nimchukue nimpeleke Bungoma mjini, kwa kaka yake mdogo, aliyekuwa na nyumba ya mawe ndani ya ua wa kanisa. Njia ilipita kwenye vijiji vya watu wangu. Mimi ningepita bila shida, kwa jina na kwa ulimi. Yeye angepita kama mama yangu, kwa sababu alisema lugha yetu vizuri, hata l na r alizibadilisha kama mtu aliyezaliwa Bungoma.

Mke wangu alisimama mlangoni akilitazama gari.

"Baba watoto, hiyo redio itaongea."

"Nitaizima."

"Wewe huizimi. Wewe unaipiga ngumi mpaka ichoke."

"Basi nitaipiga kabla haijaanza."

"Hebu usinifanyie utani. Itaongea mbele ya watu, na itaongea kama mama."

Nilikuwa nimeliwaza jambo hilo tangu simu ilipokatika.

Alhamisi asubuhi nikalipeleka gari kwa fundi wa umeme wa magari hapo Kitale, mtu niliyemjua kwa sura, mwenye kibanda cha mabati nyuma ya kituo cha mafuta. Nilimpigia ubao ngumi, redio ikawaka. Sauti ya mwanamke ikajaa kibanda kizima. Fundi akasikiliza kidogo, kisha akaniangalia.

"Mzee, hii ndiyo stesheni yenu?"

"Ni ya gari. Haishiki nyingine."

"Aa. Na mnaenda upande gani?"

Nilimwambia. Nilimwambia njia yote, kituo kwa kituo, na kwamba nina mgonjwa ninayempeleka Bungoma kesho yake. Mpaka leo sijui kwa nini. Nadhani hofu humfanya mtu aseme mengi, ili mwenzake aone kwamba haogopi.

Alifungua ubao, akachungulia na tochi, akapiga mluzi.

"Bana, hii kazi nani alifanya? Ledio wameifunga pamoja na waya ya kuwasha gari. Nikiitoa leo, gari inaweza kataa kuwaka. Labda uniachie mpaka Jumatatu nifuate waya moja moja."

"Siwezi kungoja Jumatatu."

"Na ikikufia katikati ya barabara? Unajua barabara zenyewe sasa."

Nilijua. Hapo ndipo uamuzi ulipoanza kunizunguka kichwani. Nikiitoa, gari lingeweza kuzimika kati ya kizuizi na kizuizi, na mama mkwe ndani. Nikiiacha, ingeweza kumtaja. Sikuona njia ya tatu. Fundi ndiye aliyeiona.

"Si tukate mdomo tu? Nakata waya za spika. Ledio itaongea yenyewe huko ndani, hakuna mtu atasikia."

Alikata waya za mlango wa kulia, akakata za mlango wa kushoto. Kisha akaniambia nipige ngumi. Nilipiga, taa ya kijani ya redio ikawaka, na hakukutoka sauti yoyote. Nilipiga tena ikazimika. Tulirudia mara nne. Niliandika kwenye daftari: spika mbili zimekatwa, imejaribiwa, kimya. Nikaenda mbele kituoni kujaza mafuta kwenye mtungi, maana vituo vya njiani havikuwa na uhakika. Niliporudi alikuwa amesharudisha ubao na anapangusa viti kwa kitambaa.

"Safari njema, mzee," alisema. "Msalimie mgonjwa."

Ijumaa tuliondoka Ndalu jua likichomoza. Mama mkwe alikuwa na kapu, sufuria mbili na nusu gunia la maharagwe ya mbegu, ambayo alikataa kuyaacha. Nilimfungulia mlango wa nyuma, nikageuka kutazama mlima wakati anaingia, kama adabu inavyotaka. Mbele ya gari nilikuwa nimefunga tawi la majani mabichi, kama magari yote siku zile, kuonyesha kwamba hatuna ubaya na mtu.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa mawe tu. Kijana alichungulia.

"Huyu ni nani yako?"

"Mama."

"Mama, mulembe," akamwamkua kwa lugha yetu.

"Mulembe swa," akajibu mama mkwe, wala hakugeuza uso. Tukapita.

Cha pili na cha tatu vilikuwa vivyo hivyo. Katika cha nne walitaka kitambulisho changu, wakasoma jina kwa sauti, wakanirudishia. Kila tulipoondoka nilisikia nyuma yangu pumzi ikitolewa polepole. Redio haikuwaka hata mara moja. Taa yake ilikaa giza shimo baada ya shimo. Nikafikiri fundi ameiua kabisa, na nikaanza kumshukuru moyoni.

Tulipokwisha kupita Webuye, kabla ya Matulo, tulikuta magogo ya mikaratusi yamelazwa barabarani, yakiacha mwanya wa gari moja, na mbele ya mwanya huo wamelaza boriti. Vijana walitoka shambani kwenye miwa. Aliyewaongoza alivaa koti la mvua ingawa mvua haikuwapo. Pembeni alisimama mzee mmoja ameshika baiskeli, kama mtu aliyezuiwa njiani naye.

"Sogea, mzee. Gari yako inakohoa kuliko babu yangu," alisema mwenye koti, na wengine wakacheka. "Panda hapo juu ya mti tukuone."

Nilipandisha magurudumu ya mbele juu ya boriti. Gari likaanguka upande wa pili kwa kishindo. Taa ya kijani ikawaka. Na sauti ya mwanamke ikaanza kusema, wala si kutoka milangoni. Ilitoka nyuma, chini ya kirafu, kile kibao cha kuwekea vitu kilicho nyuma ya kichwa cha mama mkwe, safi na ya juu kuliko ilivyowahi kuwa. Alikuwa anasoma matangazo ya vifo.

Kicheko kikakatika.

"Nini hiyo inaongea?" akauliza mwenye koti.

"Redio."

"Inasema nini?"

"Sijui," nikasema, na huo ndio ukweli pekee niliousema siku hiyo.

Nilipiga ngumi. Nikapiga tena. Nikapiga mara ya tatu, ya nne. Mwanamke aliendelea kusoma majina.

"Kwani hiyo gari imekukosea nini?" kijana mmoja akasema, lakini hakuna aliyecheka. Mwenye koti alikuwa ameinama, anamtazama mama mkwe kupitia dirisha la nyuma. Wawili walihamia upande wa mlango wake. Niliona kwenye kioo mkono mmoja umeshika kitasa. Nilipiga ngumi ya tano.

Ndipo nikahisi mkono shingoni mwangu.

Mama mkwe alikuwa ametoka kwenye kona yake, ameegemea mbele katikati ya viti, na kiganja chake kimeshika mahali bega linapokutana na shingo, juu ya ngozi. Katika miaka tisa ya ndoa yangu hakuwahi kugusa hata kikombe nilichokishika. Akanitikisa kama mtu anavyomtikisa mtoto anayelala kanisani, akasema kwa lugha yetu, kwa sauti ya sokoni:

"Wewe mtoto, tangu Webuye nakuambia uzime huo upuzi! Ulinunua gari ya watu, ukanunua na domo lao! Kichwa kinanipasuka!"

Kisha kijana aliyeshika kitasa akaangua kicheko, na kicheko chake kikawaachilia wengine.

"Mama amekasirika! Mzee, pigwa tu!"

"Mchape, mama, mchape!"

Mwenye koti hakucheka. Bado alikuwa anatazama. Aliyemtuliza ni mzee wa baiskeli, ambaye alisema bila kunyanyua sauti:

"Wapisheni. Hamuoni mkono? Hakuna mwanamke wa kumshika mwanamume shingoni hivyo ila aliyemzaa. Angekuwa mkwe angekufa kwa soni hapo alipo."

Boriti ikavutwa kutoka chini ya gari. Nilitia gia. Mkono ulibaki shingoni mpaka tulipopita kona, halafu ukaondoka kwa ghafla, kama mtu aliyejiunguza.

Redio iliendelea kusoma majina. Mbele kulikuwa na vizuizi vingine, nilijua, na mdomo bado uko wazi. Nilikuwa ninapunguza mwendo nisijue la kufanya aliposema, kwa lugha yetu, kuliambia dirisha:

"Sauti inatoka huku nyuma ya kichwa cha mtu."

Nilisimama kando ya miwa. Nilishuka nikageuka kutazama Webuye. Nilisikia kirafu kikitolewa, sufuria zikigongana, kisha sauti ikakatika katikati ya jina. Akasema tena, bado kwa dirisha: "Wa mwisho huyo nilikuwa namuuzia maharagwe." Nilipoingia garini alikuwa amesharudi kwenye kona yake, leso imeshuka mpaka kwenye nyusi.

Vizuizi viwili vilivyobaki tulipita.

Bungoma, kaka yake alitupokea getini. Mama mkwe aliingia ndani bila kuaga. Baadaye mke wangu alipompigia simu kumuuliza safari, alimjibu kwamba alikuwa amesinzia njia nzima, haoni la kusimulia. Mimi ndiye niliyemwambia mke wangu, naye akauliza kama kwetu kuna namna ya kuosha jambo kama hilo. Ipo. Lakini lazima litajwe mbele ya wazee, na mama mkwe hajalitaja.

Nilikwama Bungoma wiki nzima. Siku ya tatu kaka huyo, mjomba wa mke wangu, alinipeleka kwa fundi anayemjua, mtu mzima mpole, ili redio ile itolewe mara moja. Alifungua ubao akasema kweli, waya zimefungwa pamoja na za kuwashia gari, ila kwa siku moja anaweza kuzitenganisha na kunifungia redio nyingine. Halafu akaenda nyuma. Akatoa kirafu. Akaniita.

Chini ya kirafu kulikuwa na spika ya tatu, ndogo, ambayo mwalimu aliyeniuzia gari lazima ndiye aliyeifunga. Kabla ya safari ile sikuwahi kujua ipo. Miaka yote ilikuwa bubu, kwa kuwa waya yake ilikatika zamani. Fundi alinionyesha mahali ilipokatika, kutu ya kijani kwenye ncha. Kisha akanionyesha pale ilipounganishwa tena, karibu na mahali mama mkwe alipoing'oa. Shaba ilikuwa imekwanguliwa ikang'aa. Juu yake palizungushwa mkanda mweusi wa umeme.

"Hii ni mpya," alisema, akaibonyeza kwa kidole. "Bado inanata. Nani alishika hii gari juzi?"

Nilimwambia ni fundi wa Kitale.

"Alijua ulikuwa unataka iwe kimya?"

"Yeye ndiye aliyesema tukate."

Fundi akakuna kidevu. Kuna mafundi, alisema, ambao hawawezi kuona waya inaning'inia wakaiacha. Mkono unaifunga wenyewe, kama mwanamke anavyookota punje sakafuni. Labda huyo alikuwa anapangusa viti, akaiona, akaifunga bila kufikiria inaenda wapi. Hakusema labda ya pili. Aliniuliza tu:

"Sasa niitoe, ama?"

Nilimwambia aiache kama ilivyo. Wakati ule sikuweza kumweleza sababu, na sasa pia sijui kama ninaweza. Nadhani nilitaka siku moja niilete Kitale, niufungue ubao na kirafu mbele ya yule fundi wa kwanza, nimtazame usoni akiuona mkanda.

Barabara zilifunguliwa. Msimu wa kupanda ulipofika mama mkwe aliamua kurudi Ndalu na mbegu zake, na mke wangu ameniuliza mara mbili kama redio imeshatoka ndipo mama yake aingie garini. Fundi wa Kitale yuko pale pale, nyuma ya kituo cha mafuta. Juma lililofuata kurudi kwangu kutoka Bungoma, nilipokuwa ninajaza mafuta, alininyooshea mkono wenye bisibisi akiwa kibandani.

"Mzee! Mgonjwa alifika?"

"Alifika," nikasema.

"Na ledio? Inasemaje?"

Alikuwa anatabasamu, lakini yeye hutabasamu kwa kila mtu. Nilimjibu kwamba iko sawa, nikalipa mafuta nikaondoka. Redio bado imo garini, mkanda bado uko kwenye waya, na sijamuuliza.